Historia ya Dada Yetu Bi Mwisho, Aliyesema Baada ya Wote

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, wafanyakazi wenzangu wa kiwanda chetu cha magodoro, na ninyi wajumbe wa bodi mliopewa viti vya mbele, vile vyenye mito, ilhali sisi tuliotoka naye tumbo moja tumebanana kwenye mabenchi, nawasalimu nyote kwa niaba ya familia. Najua wengi mmeshangaa kuona historia ya marehemu inasomwa mwisho, baada ya risala zote, wakati kwa kawaida husomwa mapema, watu wakiwa bado na masikio ya kusikiliza. Msimlaumu mshereheshaji. Marehemu mwenyewe ndiye aliyepanga, akaagiza aanze mjukuu wake wa miaka sita, wafuate watoto wake, waje wafanyakazi, ije bodi, na mwisho kabisa nisimame mimi, mdogo wake wa kumfuatia, ninayeitwa kiwandani Bwana Kabla. Kwa nini naitwa hivyo, na kwa nini yeye aliitwa Bi Mwisho, wasiojua watajua muda si mrefu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mzee mshona magodoro na mke wake aliyepiga cherehani mlango wa pili. Mimi nilifuata mwaka 1963, katika chumba kile kile, juu ya godoro lile lile, isipokuwa habari ya kuzaliwa kwake ilisimuliwa nyumbani kila mwaka, na ya kwangu sijawahi kuisikia ikafika mwisho, kwani kila mama alipoianza alikumbuka kitu kingine kuhusu dada. Baadaye alizaliwa mdogo wetu ambaye leo ni muuguzi, na mwaka 1970 akaja kitinda mimba wetu, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye yule aliyeshika msalaba kule mbele.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968, katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli, akawa wa kwanza darasani tangu muhula ule hadi alipomaliza mwaka 1974, na mwalimu mkuu alikuwa akimpeleka madarasa mengine aonyeshwe kama picha ya ukutani. Mimi nilirithi vitabu vyake, majibu yote yakiwa yameshaandikwa kwa penseli, na yote yakiwa sahihi, hata nafasi ya kukosea kwa jasho langu mwenyewe sikuipata.

Katika miaka hiyo ya shule kulitokea jambo ambalo familia yetu haijawahi kulisahau, nami naomba nilieleze kwa utulivu, kwa sababu kila kilichofuata maishani mwake kilitoka hapo. Ilikuwa Mei 1973, mvua zikiwa hazijaisha, na baba alikuwa amepata kazi kubwa ya kushona magodoro ya bweni la shule. Sufi ilikuwa imeanikwa ukumbini, mafundi wakiwa wameizunguka, baba akachota kiganja kimoja, akakifinya, akasema imekauka, na mafundi mmoja baada ya mwingine wakachota, wakafinya, wakasema imekauka kabisa, mzee. Magodoro yakajazwa, yakashonwa, yakapelekwa, na kabla ya muhula kwisha yakarudishwa kwa mikokoteni, yameota ukungu, yananuka hadi barabarani, na wanafunzi wamelala sakafuni. Baba alifoka, akauliza ni nani kati yao aliyeona kwamba sufi bado ina unyevu akanyamaza, na dada, akiwa na miaka kumi na miwili na sare ya shule, akasema, "Baba, sisi sote tuliona. Ila ulianza kusema wewe, na baada ya hapo tulibaki kasuku tu." Tulidhani atachapwa. Baba alikaa chini juu ya godoro mojawapo lenye ukungu, akafikiri, kisha akacheka mpaka akatoa leso, na tangu siku hiyo, mezani na karakanani, akaweka utaratibu kwamba mdogo aanze, wengine wafuate kwa umri, na mkubwa aseme mwisho.

Sasa nawaomba mnisikilize hapa. Siku ile ya sufi mimi nilikuwa nimelala usingizi wa mchana juu ya lile lundo, nikaamka shati limelowa mgongoni, kwa hiyo unyevu wake niliujua kwa mwili wangu wote kabla dada hajatoka shule, lakini hakuna aliyeniuliza. Sifa akachukua yeye. Na utaratibu mpya ulipoanza, kitinda mimba wetu wa miaka mitatu akawa anaulizwa kwanza kuhusu bei ya uzi, naye akijibu kwamba anataka sukari, na mimi nikawekwa nafasi ambayo sijatoka maisha yangu yote, nafasi ya kabla ya mwisho, ambapo kila zuri nililotaka kusema ama lilikuwa limeshasemwa na wadogo zangu, ama lilikuwa linasubiriwa kutoka kwa dada.

Aliendelea na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, akasoma kidato cha tano na cha sita 1979 na 1980, kisha akajiunga na chuo cha biashara, ambako alihitimu stashahada ya juu ya uhasibu mwaka 1984. Katika muda huo huo mimi nilimaliza kidato cha nne, nikapanda lori la kiwanda kama mpakiaji, nikawa dereva, nikawa mwuzaji, hadi nikawa mkuu wa mauzo mwaka 2001, na hakuna duka la magodoro katika mji huu ambalo sijawahi kunywa chai ndani yake. Hii si historia yangu, najua, ila nimeshika maikrofoni mimi.

Baada ya masomo aliajiriwa benki, akaanzia dirishani, akapanda hadi ofisa wa mikopo, akadumu huko hadi 1993. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpimaji ardhi, mtu mpole ambaye nadhani ndiye binadamu pekee aliyewahi kumkatiza maneno akasalimika, na ili sherehe yao ipate nafasi, harusi yangu mimi iliyokuwa imepangwa mwezi huo huo ilisogezwa hadi mwaka uliofuata, jambo ambalo mke wangu hunikumbusha mpaka leo. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1989 na kijana mwaka 1993, wote wawili tumewasikia hapa, na kama mlivyosikia, wamerithi ile tabia ya mama yao ya kumtazama mtu mpaka aseme ukweli bila kuulizwa.

Karakana ilikuwa imeshakuwa kiwanda, sufi imeachwa, sponji imeingia, na mwaka 1990 baba aliunda bodi ya wakurugenzi kwa sababu benki ilikataa kumkopesha mtu anayefanya maamuzi yote akiwa amesimama uani. Mwaka 1993 baba alipatwa na kiharusi, dada akaacha benki na kuingia kwenye bodi, na baba alipofariki tarehe 17 Juni 1998, wajumbe walikutana tarehe 3 Agosti kuchagua mwenyekiti. Siku hiyo mimi nilivaa koti jipya. Hakuna aliyeniambia nivae koti jipya, nilinunua mwenyewe, nikasimama nalo ghalani karibu na ngazi, ili wakiniita nisichelewe. Waliposhuka walikuwa wanampongeza dada, naye alinipita, akashika ukosi wa koti langu, akasema limenikaa vizuri, nami sijalivaa tena.

Wengi mnakijua chumba cha bodi, kile cha juu ya ukumbi wa kufungia mizigo, chenye harufu ya gundi, na meza yake ni ile ile ya baba ya kukatia vitambaa, alama za mkasi bado zimo. Pale dada aliuleta utaratibu wa nyumbani kama ulivyo, kwamba mjumbe mgeni kuliko wote aanze, wakongwe wafuate, na mwenyekiti aseme mwisho, wala asitikise kichwa wala asigune wenzake wanapozungumza, kwa maana aliamini kwamba mguno wa mwenyekiti ni kura kumi. Ndipo wafanyakazi wakampa jina la Bi Mwisho, na mimi wa kabla yake wakaniita Bwana Kabla. Waliwahi kuja wajumbe wasomi, waliotoka kampuni kubwa, wakadhani ni mchezo wa kitoto, lakini siku mjumbe mpya kabisa, mama mwenye duka la dawa, alipokataa mradi wa kujenga tawi la pili na kueleza sababu zake kabla ya mtu yeyote kumtisha kwa cheo chake, mradi uliahirishwa, na mwaka uliofuata waliojenga matawi katika biashara yetu walikuwa wanayafunga. Mimi hayo nilikuwa nayasikia nikiwa koridoni, maana nilikuwa mwalikwa tu, nikiingia kusoma taarifa ya mauzo, nikikalia kiti cha karibu na mlango, na nikimaliza dada ananishukuru kwa heshima zote, kisha ananyamaza, na kimya kile kilikuwa na maana kwamba nitoke.

Tarehe 21 Septemba 2004 bodi ilipitisha kanuni ya mgongano wa maslahi, inayosema kwamba ndugu wa mwenyekiti aliyeajiriwa kiwandani asiwe mjumbe wa bodi. Imeandikwa kwa lugha ya jumla, kana kwamba tuko wengi. Ndugu wa mwenyekiti aliyeajiriwa kiwandani alikuwa mmoja, na ndiye huyu mnayemsikiliza. Nilikwenda nyumbani kwake siku hiyo hiyo, nimefura, nikamkuta jikoni anapakua chakula, akaniwekea sahani kabla sijafungua mdomo, akasema, "Mdogo wangu, chagua moja. Uniuzie magodoro, au uniangalie ninavyoyauza. Ukiwa mwuzaji na msimamizi wa mwuzaji, godoro likibonyea nani atakwambia?" Aliniambia wazi kwamba nikiacha kazi ya mauzo, kiti cha bodi nitakipata siku hiyo hiyo kwa hisa za familia. Tatizo ni kwamba mauzo nayapenda, na kiti nacho nilikitaka, nilivitaka vyote viwili, na nilitaka dada ndiye anipe. Nilikula chakula chake, kilikuwa kizuri, nikaondoka bila kuaga.

Kisha dunia ya biashara ikageuka, kama mlivyoona wenyewe madukani. Kufikia 2016 magodoro ya nje yalikuwa yanaingia kwa makontena, vijana wananunua kwa simu wakiwa kitandani juu ya godoro la zamani, na ghala letu lilijaa hadi tukawa tunapanga bidhaa kwenye ngazi. Bodi iliamua kutafuta mkurugenzi mtendaji mpya, nami niliomba, kwa haki kabisa, nikaitwa kwenye usaili tarehe 6 Machi 2017. Nilipotoka kujieleza nilikaa kwenye benchi la koridoni kusubiri, na sikukaa sana mlango ukafunguka akatoka dada, akaja kukaa kando yangu. Nikamwuliza kulikoni. Akasema mwombaji mmoja ni ndugu yake, kwa hiyo hawezi kuwa ndani. Akatoa chungwa kwenye mkoba, akalimenya, akanipa nusu, tukala tukiwatazama watu wanapakia mizigo kule chini, yeye mwenyekiti wa bodi amefungiwa nje ya bodi yake. Mlango ulipofunguka tena walikuwa wamemchagua binti wa miaka thelathini na minne ambaye hakuwahi kushona godoro hata moja, na aliyekuwa amefanya kazi ya kuuza vitu kwa simu. Ningependa sana kumlaumu dada kwa hilo. Lakini nitamlaumu vipi, nilikuwa naye kwenye benchi, mikono yake inanuka chungwa. Hata sababu ya kumlaumu alininyima.

Binti huyo yupo hapa, safu ya pili, na tangu alipoingia dada alimwita binti yangu, mbele za watu, wakati mimi kiwandani aliniita Mkuu wa Mauzo. Mkurugenzi huyo alileta mashine ya kukandamiza godoro na kulikunja hadi linaingia kwenye boksi la kubebwa kwenye pikipiki, akafungua mauzo ya simu, akawauliza wapakiaji maoni yao kwanza kabla ya mameneja, kwa mtindo ule ule aliofundishwa, na katika kipindi ambacho viwanda vingine vilipunguza watu, chetu hakikumpunguza mtu hata mmoja. Wivu wangu haukupungua, siwezi kusema uongo mbele ya jeneza, ila mauzo yaliongezeka, na mkuu wa mauzo ni mimi, kwa hiyo nilijikuta kila mwisho wa mwezi nafurahi kwa hasira.

Marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo Agosti 2021, akatibiwa katika zahanati ya jirani kama vidonda vya tumbo, na tarehe 19 Oktoba alilazwa hospitali kuu, ambako vipimo vilionyesha saratani ya kongosho iliyokuwa imeshasambaa. Aliipokea habari hiyo bila kelele, akamkabidhi uenyekiti wa muda mama mwenye duka la dawa, na jambo la kwanza alilolalamikia wodini lilikuwa godoro, alilibonyeza kwa ngumi, akamwambia muuguzi wa zamu kwamba hii sponji imekufa siku nyingi, izikwe. Nilikuwa naenda kumwona kila jioni. Nakiri nilikuwa na langu moyoni, nilikuwa nasubiri aniambie kuhusu kile kiti, na yeye alikuwa ananiuliza habari za maduka, moja baada ya jingine, kwa majina ya wenye maduka.

Tarehe 8 Februari 2022 madaktari walituambia tuchague, aendelee kubaki wodini au arudi nyumbani apumzike. Tulimzunguka kitandani wadogo zake wote watatu, shemeji amekaa miguuni pake, na dada, kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo sana, akasema, "Mdogo aanze." Kitinda mimba alisema abaki, huenda kukatokea jambo. Muuguzi wetu alisema kitaalamu lolote linawezekana, yeye yuko tayari kumhudumia popote. Mimi nikasema twende nyumbani. Kisha tukamgeukia dada, kama tulivyozoea, tukamngojea aseme la mwisho. Hakusema. Aliinua kidole taratibu, akaninyooshea mimi, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu neno langu likawa ndilo lililofunga mjadala, na nawaambia ukweli, nilifurahi, furaha ya muda wa kumeza mate, halafu nikaogopa sana, kwa sababu nilitazama huku na huku nikaona hakuna aliyebaki wa kuniambia kama nimekosea.

Tulimrudisha nyumbani, tukamlaza juu ya godoro aliloshona baba kwa mkono wake. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 22 Februari 2022, mapazia yakiwa wazi, mume wake na watoto wake wakiwa naye. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake watatu, na kiwanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu waliomhudumia kwa moyo hata alipowasema kuhusu magodoro yao, inawashukuru majirani waliofungua nyumba zao na kutuazima viti, masufuria na usingizi wao, inawashukuru wafanyakazi wa kiwanda waliobeba jeneza kwa zamu bila kupangwa na mtu, na namshukuru mkurugenzi wetu mtendaji, binti wa dada yangu, ambaye tangu juzi amekuwa jikoni na wake zetu akiosha vyombo, nami nilitafuta kasoro katika hilo nisiione.

Bodi nayo tunaishukuru, na hapa nina deni la jibu. Jana wajumbe watatu walinifuata pale chini ya turubai, wakaniambia kwa upole kwamba aliyeileta ile kanuni ya 2004 sasa hayupo, kwamba katika kikao kijacho wako tayari kuifuta, na kwamba mkubwa wa familia ndiye anayestahili kukalia kiti cha mwenyekiti bila kulazimika kuacha kazi yake. Yaani vyote viwili. Waliomba nijibu baada ya mazishi. Usiku huo niliwaketisha ndugu zangu, mdogo akaanza, akasema nikubali, muuguzi wetu akasema nikubali, watoto wa marehemu wakasema mjomba tunakuachia, na wote wakanyamaza kunisubiri mimi.

Sasa najibu, mbele yenu nyote, ili isije ikasemwa vingine. Kanuni ibaki kama ilivyo. Mimi nitaendelea kuuza magodoro, na bodi imtafute mwenyekiti anayeweza kuniambia godoro langu limebonyea. Msidhani nimekuwa mtu mwema ghafla, kiti kile bado nakitaka, hata sasa hivi nakitaka, lakini nilikitaka yeye akiwa amekikalia, nilitaka ainuke mwenyewe aseme mdogo wangu, njoo. Kikiwa kitupu sina haja nacho. Alichotaka kunipa amenipa leo, kwa kupanga ratiba hii, amenipa kusema mwisho.

Dada, mjukuu ameshasema, watoto wameshasema, wafanyakazi wameshasema, bodi imeshasema, na mimi Bwana Kabla nimemaliza. Kwa mazoea nimenyamaza kidogo hapa, nimegeuka upande wako, nakungoja useme.

Pumzika kwa amani.